Jina litakuja la mtu mwingine

Kila nikisikia mtu anasema "aliyetapeliwa kaponzwa na tamaa zake" natamani nimkalishe kwenye benchi la kibandani kwangu kuanzia asubuhi mpaka nafunga, aangalie tu nani anakuja analia. Mi nafanya uwakala wa pesa za simu na steshenari huku Mbagala, Dar, sio mbali na Rangi Tatu, laini zote nnazo, fotokopi natoa, picha za pasipoti napiga, na kwa nilivyoona pale wenye tamaa ni wachache. Wapo sikatai, ule upatu wa DECI wa 2009 tunaukumbuka watu walivyopanda "mbegu" wakakaa wanasubiri kuvuna, na LBL ya 2025, ile ya kuweka hela mtandaoni, nayo watu waliachwa wanaangalia simu zao. Hao nao wana hadithi yao. Ila wanaokuja kwangu kila wiki ni watu wenye adabu zao, watu wanaosaidia ndugu, na ndo hasa kilichowaponza.

Kuna mama mmoja jirani anauza vitenge na madera, mtu mzima, na si mjinga hata kidogo, huyo noti ya bandia anaijua kwa kuishika tu hata haangalii. Siku hiyo akapigiwa simu. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba mwanangu. Hapo jamaa ashaingia ndani, maana mtu akikuamkia vizuri na wewe ukaitikia ushakuwa mzazi wake, huwezi kumkatia simu wala kumuuliza "wewe nani" kwa ukali, utaonekana mama gani huyo. Jamaa akasema yeye mwalimu, mwanao kaanguka hapa shuleni, mama usiogope anapumua ila tumemkimbiza hospitali na wanataka hela ya kuanzia ndo wamguse. Mama akapiga kelele, "fulani??" akataja jina la mtoto. "Eeh huyohuyo mama." Ona hapo. Jina la mtoto jamaa hakuwa nalo kabisa, kapewa na mama mwenyewe kwa uchungu wake, na baada ya hapo akawa analirudia rudia kila sentensi kama mtu aliyemlea.

Alikuja kwangu anakimbia kanga mkononi. Nikamuuliza taratibu, mama umempigia mwalimu wake wa darasa? Aliniangalia, dah. "Wewe hujazaa ndo maana unakaa unauliza maswali." Akachukua hela yake akavuka barabara kwa wakala mwingine. Mtoto karudi mchana ulimi mwekundu kwa ubuyu, kamkuta mama yake amekaa chini na majirani wamemzunguka, akadhani kuna msiba.

Sasa huyo tamaa yake iko wapi? Alikuwa anataka kushinda nini?

Halafu kuna hizi meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumezizoea mpaka tunataniana nazo, mtu akikudai anakuandikia hivyohivyo na wewe unacheka. Ila hebu ikalie uiangalie ilivyo. Jina lako haina, kiasi haina, sababu haina. Inarushwa kwa watu kibao kwa mpigo na katika hao wote hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo kweli alikuwa anatafuta hela amtumie mtu, fundi anasubiri ya saruji, mdogo wake chuoni anasubiri ya chakula, na ikifika tarehe za mwisho wa mwezi inakuja ile ya "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi utanitumia kwenye namba hii, ile laini yangu nyingine ina matatizo". Mpangaji ambaye anachelewesha kodi kila mara ndo anawahi kutuma siku hiyo, anataka aonekane mwema.

Na sumu yenyewe iko mwishoni, pale wanapoandika "jina litakuja fulani fulani". Ile ya jina kutokea kabla hujaweka namba ya siri ililetwa itusaidie sisi, uone unamtumia nani, ukikosea tarakimu ujue mapema. Wenzetu wameigeuza. Anakutajia jina kabla, unaingiza namba, jina linakuja lilelile, roho inatulia unabonyeza. Hujiulizi tena inakuwaje mwenye nyumba wako mzee wa Kimakonde hela yake inapokelewa na jina la binti, kwasababu kwetu hicho kitu cha kawaida kabisa, nani hajawahi kutumiwa hela kwenye laini ya jirani au ya mke wa rafiki yake. Kwahiyo wala hawajatufundisha ujinga mpya, wamekaa tu wametuangalia tunavyoishi.

Na lile jina linalokuja ni la mtu. Hii ndo nilitaka kuisema siku zote. Watu wakisimulia wanaongelea hela iliyoenda, hakuna anayeuliza yule mwenye jina yuko wapi. Yuko mahali, anapika, hana habari.

Mnakumbuka ule usajili wa laini kwa alama za vidole, ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho ikawa 31 Desemba, ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Foleni za NIDA, wale wa kitambulisho cha taifa, kipindi hicho jamani, watu wanaamkia pale alfajiri, mtu anatafuta tu zile tarakimu 20 asifungiwe laini yake yenye wateja wote na hela zake zote. Wengi hawakuzipata kwa wakati. Ikawaje? Ikawa undugu. Dada wa kazi kasajiliwa na bosi wake, kijana wa bodaboda kasajiliwa na shemeji, fundi kasajiliwa na mteja, mjukuu kaweka kidole kwa ajili ya bibi, na hakuna aliyeona ubaya, ulikuwa msaada, ukikataa unaonekana una roho mbaya. Miaka ikapita. Dada wa kazi kaondoka na laini, fundi kauza simu na laini ndani, bodaboda kagombana na shemeji, na huko ilikoenda bado inaitwa jina lako.

Hiyo ni njia moja. Nyingine ni vijana wa miavuli, wale wanaosajili laini barabarani, na sisemi wote, wengi wanatafuta riziki kihalali kabisa na jua lote lile. Ila wapo wa aina hii, unaweka kidole anakwambia hakijasoma, futa jasho, weka tena, weka cha pili, mtandao unasumbua leo dada angu samahani, weka tena. Wewe unaona kijana mpole anahangaika na mashine mbovu. Kumbe mara ya kwanza ilisoma, laini uliyofuata ni ile, na nyingine iliyopatikana kwenye "weka tena" inabaki kwake na jina lako juu, inaenda kuuzwa kwa mtu ambaye hataki kuulizwa kitu. Na hapo utamgombezaje kijana aliyekuita dada na kukupa kiti ukae.

Kuna dada anakaanga mihogo karibu na geti la shule hapo jirani, mihogo mizuri ana chachandu ya ndimu watu wanapanga foleni. Siku moja akaitwa polisi. Akaenda na mtoto mgongoni akidhani ni mambo ya mgambo na meza zao. Kufika anaambiwa kapokea laki nane za watu. Huyu dada! Laki nane angeziona kwa macho angekuwa kashafungua genge. Na pale kituoni akakutanishwa na mwenye hela, dereva wa lori, gari ilimharibikia njiani akawa anasubiriwa na muuza spea, ikaingia meseji ile ya ile hela tuma namba hii, akatuma. Jina lililokuja ni la dada wa mihogo, majina yote matatu, hakuna hata herufi iliyokosewa. Kwahiyo yule dereva miezi yote hiyo alikuwa analitembeza lile jina kichwani, analichukia, kalitafuta Facebook, na sasa mwenye jina amesimama mbele yake ana harufu ya mafuta ya kukaangia. Alimtukana mbele ya askari. Na dada naye si wa kunyamaza, akamrudishia. Watu wawili wameibiwa na mtu mmoja, mmoja hela mwingine jina, wanatukanana wao kwa wao, na mwizi yuko zake mahali anakula chipsi mayai.

Askari waliandika maelezo, wakamsikiliza, mwisho wakamruhusu ila awe anapatikana. Alivyoniambia mwenyewe polisi palikuwa afadhali. Kesi ilikuwa nyumbani. Mume kauliza swali moja tu, "hiyo hela ulimpa nani?" na akawa analiuliza usiku akiwa ameshalala, eti "niambie tu ukweli sikufanyi kitu". Jina limekuja kwenye simu, jina ni la mke wangu, utaniambia nini. Mpaka ndugu wa mume wakakaa kikao. Hii hasara hakuna anayeiandika popote, dereva angalau ana namba ya muamala anaweza kuonyesha kilichopotea, huyu dada aonyeshe nini?

Alikuja kwangu baada ya hapo tukapiga *106# pamoja. Kama hujawahi, fanya leo, unaweka namba yako ya NIDA inakuletea namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kwake zilikuja namba ambazo hata hajui ni za wapi. Tukaziandika kwenye karatasi moja moja akaanza kuzungukia maduka ya mitandao kuzifungisha, na kila siku ya kuzunguka ni siku hajakaanga mihogo.

Alipoondoka nikapiga ya kwangu. Namba moja siijui. Nilisikia kitu tumboni, maana mi ndo mtu wa kuwaambia wenzangu, laini sijawahi kumsajilia mtu, hata mdogo wangu wa kuzaliwa naye alinuna mwaka ule nikamwacha anune. Nikaenda dukani kwao, sitaji mtandao gani. Kijana wa kaunta mpole sana, "dada labda ulimsajilia ndugu yako ukasahau?" Nikamwambia hapana. Akaifunga, hilo namshukuru. Nikauliza sasa ilisajiliwa wapi, na nani, lini? Akasema hizo hawezi kunipa, ni taarifa za mteja. Nikamuuliza kaka, mteja ndo nani wakati jina ni langu, kidole changu, NIDA yangu? Akacheka kidogo akaita namba inayofuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na tume yake ipo, inanipa haki ya kujua taarifa zangu zinafanyiwa nini. Nenda kaisome kwa sauti pale kaunta na foleni nyuma yako uone watu watakavyokuangalia.

Sasa niwaambie na mambo ya kwenye kazi yangu mwenyewe, maana sisi wenye mashine za fotokopi tunaona mengi. Nchi hii kila kitu ni kopi ya kitambulisho. Kazi, kopi. Kikoba, kopi. Kupanga chumba, kopi, kumsajili mtoto shule, kopi ya baba na ya mama, mwenye bajaji anakupa hesabu anataka kopi na ya mdhamini. Mtu mmoja anatoa kopi nyingi na kuzigawa mjini kote na hajui hata moja imeishia wapi. Mi najua zingine zinaishia wapi. Nimenunua maandazi yamefungwa kwenye nusu ya fomu ya maombi ya kazi, picha ya pasipoti ipo, simu ipo, jina la mama mzazi lipo, mafuta ya andazi yamepita katikati ya sahihi. Karatasi za maofisini zinauzwa kwa kilo, ndo vifungashio vya karanga hivyo. Na ile namba ya NIDA tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka, mwezi na siku, ambayo wewe mwenyewe kila mwaka unaipost status na keki na idadi ya mishumaa. Mi kopi zilizoharibika nachana nachoma nyuma ya kibanda, wateja wananicheka eti nachoma ushahidi.

Daftari nalo. Mawakala wengi bado tunaandika daftari, jina, namba ya simu, kiasi, mteja anasaini. Linakaa juu ya meza wazi, mtu anakuja kutoa elfu kumi anapitisha macho juu ya mistari yote iliyotangulia, anajua nani kaweka laki tano muda huu na namba yake. Akipiga picha kwa simu nani atajua. Baada ya nusu saa yule wa laki tano anapigiwa, "habari, tunapiga kutoka huduma kwa wateja, umeweka laki tano kwa wakala muda si mrefu, muamala umekwama tunaomba tuuhakiki", na mtu anaamini kwasababu kweli kaweka laki tano na kweli muda si mrefu. Langu sa hivi nalifunika na ubao, unaona mstari wako tu. Na jamani wenye mtandao wakikupigia inatokea 100, haitokei 07 wala 06 ya mtu binafsi anayepumua kwenye simu.

Hata sisi mawakala tunawindwa sana tu. Wanapiga wanajifanya wa makao makuu, mfumo unaboreshwa, till yako inafungiwa saa sita, bonyeza hiki bonyeza kile, anakupeleka mpaka unajikuta unatuma floti yako yote, hela yako ya kufanyia kazi, mwenyewe kwa mkono wako. Au mteja anakuonyesha meseji ya muamala, imeandikwa kila kitu sawasawa mpaka nukta, ila imetoka kwenye namba ya kawaida. Mi siku hizi meseji sisomi, naangalia salio. Salio halijaongezeka basi hujaweka, hata uwe umevaa suti.

WhatsApp ndo balaa jipya. Mwalimu mmoja mteja wangu, dada mstaarabu, alipata ujumbe kutoka kwa mwenyekiti wa kikoba chao, "mwalimu samahani kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, naomba nitumie". Na kweli zilikuja, zile za kufungulia akaunti yake ya WhatsApp. Mwenyekiti kamuomba, na mwenyekiti ni mama wa heshima zake, unamnyimaje namba sita? Akatuma. Kumbe mwenyekiti naye alishaporwa yake asubuhi kwa njia hiyohiyo na aliyemuomba naye kaporwa jana yake. Mwalimu akatupwa nje ya akaunti yake, halafu mwizi akakaa ndani kama yeye, picha yake, magrupu yake, akaanza kuomba watu, "naomba nikopeshe laki mbili nitarudisha kesho, nimebanwa". Na alijua kuomba. Kwa wakubwa anaanza shikamoo. Kwa mashoga zake anaandika "shoga angu". Alisoma meseji za zamani akajua mwalimu anavyoongea na kila mtu! Waliotuma hela ni wale wanaompenda, waliomchunia na kujifanya hawajaona ndo walipona, na sasa mwalimu anajua nani ni nani, kitu ambacho pengine asingetaka kukijua. Kuna ile ya uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp, weka namba yako ya siri, hata akipata zile sita anakwama.

Mikopo ya kwenye simu nisiimalize leo maana nitakesha, ila nayo ni kuibiana majina. Umekaa zako unapata meseji "wewe ni mdhamini wa fulani, mwambie alipe kabla hatujachukua hatua". Hujaulizwa, hujasaini, apu iliingia kwenye simu ya mtu ikabeba namba zote. Mi wakala, niko kwenye simu za mtaa mzima, kwahiyo mi ndo mdhamini wa mtaa mzima, mpaka wa watu waliohama. Benki Kuu Novemba 2024 walitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, na bado meseji zinakuja. Kuna kijana hapa picha yake ya kitambulisho iliombewa mkopo na mtu mwingine, yeye kaja kujua baada ya mama mkwe kutumiwa picha yake imeandikwa TAPELI kwa wekundu. Mkopo hajaula, aibu kaila yeye.

Watu wakishaongea hivi lazima atokee mmoja aseme "hao ni wa Laela". Kweli ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinataja Rukwa na Morogoro mara kwa mara kwa hizi namba za utapeli, Laela ya Rukwa na Ifakara ya Morogoro zimekuwa kama tusi. Ila nina mteja katokea Laela, fundi cherehani mzuri tu, siku hizi akiulizwa kwao wapi anasema Sumbawanga, hamalizii. Binamu yangu aliyeolewa Mombasa ananiambia kwao ni hivyohivyo, simu ya ajabu ikiingia wanasema ni Kamiti, lile gereza, na wale wa kubadilisha laini za watu wanasema ni wa Mulot, mji mdogo huko kati ya Bomet na Narok. Kila nchi ina mji wake wa kutukana. Jina la mji nalo limeibiwa ukifikiria vizuri, wanaoishi pale wengi wanalima tu.

Cha kufanya najua mnakijua ila niseme haraka. Umetuma ukashtuka, piga 100 hapohapo, usianze kulia wala kumpigia mwizi kumuapiza, ukiwahi kabla hajatoa hela inaweza kuzuiwa, na hawa wanatoa kwa dakika. Meseji ya kitapeli peleka 15040, watakujibu wakuombe namba iliyoituma, unaweka. RB ya polisi chukua hata kama unaona hela hairudi, maana jina lako likija kutajwa mahali uwe na karatasi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa, iko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwahiyo askari akikwambia hiyo ni ya kwenu mmalizane, mkumbushe kwa heshima.

Dada wa mihogo zile namba zimefungwa zote, moja ilisumbua kidogo ila ikafungwa. Yule dereva wa lori hajapata hela yake. Alipita hapa siku moja na lori kaegesha vibaya barabara ikafunga, akanunua mihogo ya elfu mbili, hakuomba msamaha wala nini, kasema tu "weka pilipili nyingi" na chenji hakuchukua. Mume wake dada alivyosikia akauliza huyo dereva wanajuana vipi.

Na sasa hivi mtaani tumefika mahali pa kuchekesha. Mzee mmoja ana nyumba ya vyumba vya kupangisha huku nyuma, kapoteza simu kwenye daladala, kweli kabisa kapoteza. Akanunua laini mpya akaniomba nimwandikie meseji awatumie wapangaji wake, macho yake hayaoni vizuri, anaongea mi naandika: mimi mwenye nyumba wenu, ile kodi mtanitumia kwenye namba hii, jina litakuja la mwanangu. Nikamwambia mzee wangu hii hailipwi. Akasema we andika. Majibu yaliyorudi siwezi kumsomea mtu mzima, nilimsomea yale mepesi, mmoja kamwambia kafanye kazi, mwingine kamtumia picha ya pingu, na mmoja ambaye anadaiwa miezi mitatu kamjibu kwa kirefu kabisa kuhusu dhambi ya kula jasho la watu. Mzee akachukua fimbo yake akasema anaenda mwenyewe mlango kwa mlango, na huyo wa dhambi ndo anaanza naye.